Ukoka wa Uwanja wa Shule

Mimi nimezaliwa ziwani, karibu na Mbamba Bay, ambako mtu akilalamika baridi ujue amesahau khanga yake nyumbani. Nilipopangiwa kufundisha huku juu milimani, upande wa Mkumbi, nilidhani Julai ya kwanza itaniua. Niliingia darasani na masweta mawili na soksi za mume wangu, na bado wanafunzi walicheka meno yangu yalivyogongana nikiita majina.

Lakini baridi iliyonikosesha raha zaidi ni ya mwaka wa pili, na haikuwa yangu, ilikuwa ya nyasi. Nilikuwa mwalimu wa michezo, na uwanja wetu wa mpira ulikuwa vumbi tupu. Niliisumbua kamati ya shule mpaka ikanichoka, ikakubali tupande ukoka. Mwenyekiti wa kamati, mzee mkulima wa kahawa asiyependa maneno mengi, akaweka sharti. Huku kwetu tambarare ni adimu, alisema, na watoto wanahitaji uji. Nyasi zikishindwa kuvuka baridi na kiangazi, mvua za kwanza zikishuka tutapanda hapo mahindi ya shule. Sikuweza kubisha. Ila timu yangu ya wasichana ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kucheza bila aibu. Wavulana wangeenda kuchezea barabarani. Wasichana wangerudi jikoni.

Ukoka ulishika vizuri wakati wa masika. Ilipofika Juni, ukungu ukalala uwanjani mpaka saa nne, na majani yakaanza kuwa ya manjano. Nikapata hofu. Ulikuwa msimu wa kuvuna kahawa, na nilikuwa nimeona watu wakimwaga maganda ya kahawa kwenye migomba yao, migomba ikanenepa. Kiherehere kikanishika. Sikumuuliza mtu. Kwa wiki nzima mimi na wanafunzi tulisomba kwa toroli maganda mabichi kutoka kwenye mashine ya kumenyea, tukayatandaza manene kama blanketi. Tena nilijisifu ofisini kwamba nimezifunika nyasi zisipate baridi.

Baada ya wiki mbili hivi harufu ikawa haivumiliki, na nzi wakahamia shuleni. Nilitia mkono ndani ya maganda nikautoa upesi, yalikuwa ya moto kama ugali uliopakuliwa sasa hivi. Tuliyaondoa yote kwa reki. Chini yake hapakuwa na hata jani moja la kijani, uwanja mzima ulikuwa mweusi na wenye utelezi. Baadaye ndipo nikajua kwamba wenyeji huyalundika kwanza miezi mingi yaoze, ndipo wayapeleke shambani.

Walioniuliza niliwajibu kwamba ni baridi, mwaka huu imekuwa kali. Wote walikuwa wameniona nikitetemeka, nani angebisha? Agosti, Septemba, Oktoba, kila asubuhi wasichana walibeba ndoo kutoka mtoni wakamwagilia ardhi tupu. Hawakulalamika hata siku moja. Walikuwa wameuamini uongo wangu, na hilo liliniumiza kuliko kitu chochote. Nilikonda.

Novemba mawingu yalipoanza kujikusanya, mwenyekiti akaiita kamati palepale uwanjani. Walikuja na majembe begani. Wasichana walisimama pembeni na ndoo zao, wakinitazama mimi, kana kwamba nina la kusema. Nikaona siwezi tena.

"Mzee, siyo baridi," nilisema. "Ni mimi. Nilimwaga maganda mabichi, nikaziunguza nyasi, halafu nikawadanganya ninyi na watoto."

Kisha mama mmoja wa kamati akaangua kicheko, na wengine wakamfuata.

"Tunajua, Mwalimu," mwenyekiti akasema. "Harufu ile ilifika mpaka nyumbani kwangu."

Akashusha jembe, akapiga mara moja, akainua bonge la udongo na kulivunja kwa vidole. Ndani yake mizizi myeupe ilikuwa imesukana, na mmoja ulikuwa na kichipukizi chenye ncha ya kijani.

"Muone huyu ukoka. Ni adui yangu tangu nimepata akili. Nimemkata, nimemchoma, nimemtupa barabarani. Kama ungekuwa umegundua dawa ya kumuua, leo tungekuwa tunakujengea nyumba."

Nilikaa chini kwenye udongo, nikalia na kucheka kwa pamoja mbele ya wanafunzi wangu. Sijui nilichofurahia zaidi, nyasi kuwa hai au uongo kunitoka kifuani. Wanakamati wakayabeba majembe yao wakarudi makwao. Mvua ziliponyesha, uwanja ukawa kijani kabla ya Krismasi, na wasichana wakaanza kuanguka bila kuchubuka magoti.

Januari, asubuhi moja, mwenyekiti alifika ofisini akiwa amekumbatia furushi la majani na mizizi. Alikuwa amekunja uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, zuia nyasi zako. Zimevuka mstari wa goli, zimeingia kwenye mahindi yangu hapo jirani."

Nililipokea furushi kwa mikono miwili nikamwomba radhi kwa maneno yote niliyoyajua, lakini uso wangu ulikataa kabisa kuhuzunika.