Siku Binti Yangu Aliporuka Majini

Mwaka ule wa shule binti yangu alikaa Beni kwa mdogo wangu wa kike, kwa sababu mimi nilikuwa barabarani kila juma, nikinunua maharagi Musienene na kuyauza Butembo. Likizo ilipofika, mdogo wangu akamleta mwenyewe. Jumapili baada ya misa nikawashusha wote wawili kwenye korongo, pale mto unapojibana kati ya miamba, kisha unatulia na kufanya shimo la maji meusi. Nilitaka mtoto aone mahali nilipokuwa nikifua nguo nikiwa msichana. Mimi mwenyewe sikuwahi kuingia kupita magoti.

Nilitandika kikwembe juu ya jiwe, nikaanza kumenya viazi vya kuchemsha. Nilipoinua macho, mdogo wangu alikuwa katikati ya maji, na binti yangu amesimama juu ya mwamba.

«Shuka!» nikapiga kelele. «Utavunjika!»

Hakunigeukia hata. Alimwangalia mama yake mdogo.

«Niruke?»

«Ruka tu. Niko hapa.»

Akaruka. Maji yakamfunika, nami nikainuka, kiazi mkononi. Alipoibuka alikuwa anacheka, mikono yake shingoni mwa mdogo wangu. Kicheko kile sikukijua. Mimi niliyemzaa, niliyembeba mgongoni katika mvua hadi dispansari homa ilipomshika, nilikuwa nakisikia kama mgeni.

Mdogo wangu akatoka, akakaa karibu nami, maji yakimtiririka.

«Yaya, kuya tukufundishe kuogelea na weye,» akasema, akiniita dada mkubwa kama tangu utotoni.

«Mimi hapana mutoto wa kufundishwa.»

«Mbona umekasirika?»

«Umenikamatia mutoto.»

Akakamua maji ya nguo yake. «Yaya, alipofika Beni alikuwa analia kila siku, anakutafuta. Nilimupeleka kwa piscine, kwa bwawa la kuogelea, ili asahau kulia.»

Nilijua anasema kweli. Wivu haukupungua, ulizidi, maana hata machozi yale, yaliyokuwa yangu, ni yeye aliyeyafuta.

Tulikula. Mtoto alisifu avoka, parachichi nililokuja nalo, akamlisha mama yake mdogo kipande, kisha mimi. Wakati wa kupanda kurudi barabarani walitangulia wameshikana mikono. Mimi nilifuata na nguo zao zilizolowa.

Shule zilipofunguliwa nilimwandikisha Butembo, nikamwachia jirani biashara ya Musienene. Mdogo wangu hakuniuliza sababu. Mtoto ndiye aliyeuliza, na nikamwambia njia ya Beni ni mbaya.