Waliposema Paa Limeoza

Nilipoanza kuuza bima hapa Singida Mjini, wateja wangu walikuwa wenye bodaboda na magari, watu wanaokata bima kwa kumwogopa trafiki. Ya nyumba hakuna aliyeitaka. Ukimweleza mtu anakuuliza, "Kwani nyumba yangu inakwenda wapi?" Kwa hiyo nilifurahi mno siku mkunga mmoja mstaafu wa Mandewa alipokubali. Alikuwa amezalisha akina mama kwenye zahanati za vijijini huko Ikungi mpaka alipostaafu, ndipo akajenga nyumba ya vyumba vitatu na kuishi humo na kuku wake. Nilikaa kwenye kochi lake, nikanywa chai yake, nikamwambia kwa mdomo wangu huu: "Mama, upepo ukiezua paa, sisi tunaezeka." Akaniamini. Miaka mitatu alilipa bila kukumbushwa.

Mwaka wa nne, mwezi wa pili, upepo ulikuja mchana na mvua ya mawe. Mimi ulinikuta mjini, nikajibanza kwenye duka la dawa pamoja na watu wengine. Mvua haijakatika, simu ikaita.

"Mwanangu, paa limekwenda," alisema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniulizia habari za nyumbani. "Njoo uone."

Nilikwenda. Sebule na vyumba vyote vitatu vilikuwa wazi juu. Kenchi mbili, zile mbao zinazobeba mabati, zilikuwa zimevunjika, dari lililolowa limeangukia kitanda, na bati moja limejikunja juu ya ukuta wa jirani. Yeye alikuwa amekaa jikoni, mahali pekee palipobaki na paa, katikati ya magodoro na kuku. Nikapiga picha, tukajaza fomu ya madai, na siku ile ile nikaifikisha kwenye tawi la kampuni. Nilimwahidi wiki moja.

Mtathmini wa kampuni alifika baada ya wiki tatu. Nilimpeleka mwenyewe. Nilikuwa nimeazima ngazi kwa jirani na kuiegemeza ukutani kabisa, asipate shida. Hakuigusa. Alisimama getini, akapiga picha nne kwa simu, akauliza nyumba ilijengwa lini, akatazama saa.

"Hupandi, kaka?" nikamwuliza.

"Inaonekana," akasema.

Mama wa watu alikuwa amemwandalia chai na karanga za kukaanga. Hakuingia ndani.

Jibu lilipokuja nilipewa mimi nimpelekee. Nililisoma nimesimama pale kaunta. Liliandikwa kwamba mabati yaliyosalia yana kutu iliyoenea, kwamba paa lilikuwa limeshaoza, kwamba upepo ulimalizia tu uchakavu, na uchakavu haulipwi.

Mkunga alivaa miwani, akasoma mara mbili.

"Kutu?" akasema. "Kutu ipi?"

Akaenda nyuma ya jiko, akaburuta bati moja lililoanguka, akachukua kisu cha jikoni na kuanza kukwangua. Wekundu ulitoka kama maganda, chini yake bati likang'aa jeupe. Ilikuwa rangi. Alipokuwa akiishi nyumba za watumishi alitamani siku moja awe na paa jekundu, basi alipojenga alimtafuta fundi akalipaka rangi nyekundu. Jua la Singida lilikuwa limeibabua mabakamabaka. Mtu akitazama kutoka getini anaweza kudhani ni kutu. Mtu aliyepanda ngazi hawezi. Ngazi ilikuwa pale pale, hatua kumi kutoka alipokuwa amesimama!

"Niitie guta," akaniambia.

Nilijaribu kumzuia. Nilimwambia kuna utaratibu, tuandike barua ya kukata rufaa. Alivaa kitenge kizuri, bati likapakiwa kwenye guta la matairi matatu, akakaa kando yake amelishikilia. Mimi nikafuata kwa bodaboda, nikimwona mbele yangu amenyooka kama anayekwenda kanisani.

Ofisini watu walikuwa kwenye foleni. Mwenye guta alimsaidia kulaza bati juu ya kaunta, lote, mpaka likafunika vitabu vya stakabadhi. Meneja wa tawi akatoka chumbani kwake.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Baba, nionyeshe kutu." Akampa kile kisu cha jikoni.

"Mama, mambo haya tuzungumzie ndani."

"Barua yenu haikunijia kwa siri, ilipita mikononi mwa watu. Kwangua."

Meneja hakukwangua. Akakwangua mama mwenyewe, polepole, watu wote wakitazama, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mimi nikiandika mtoto ana kilo tatu, nimempima. Nimemlaza kwenye mzani. Huyu wenu kapima kwa macho akiwa getini, akaniandika mwongo."

Meneja alitazama lile bati, akanitazama mimi kama kwamba mimi ndiye niliyelipaka rangi. Akasema dai litaangaliwa upya. Wakaliangalia upya mwezi mzima, mama akilala jikoni na turubai likipigapiga juu ya sebule kila upepo ukivuma.

Hatimaye niliitwa. Wamekubali kulipa paa zima na dari. Nilichukua hati ya kukubali malipo nikaenda Mandewa mbio mbio, nimeshika na kalamu. Alisoma. Akairudisha.

"Wameandika malipo ya hisani," akasema. "Sikuomba hisani."

"Mama, ni neno tu. Weka sahihi mafundi waanze. Mvua hii."

"Mwanangu, hisani wanapewa maskini wa mlangoni. Mimi nililipa bima. Waandike nilichonunua."

Nakiri kwamba nilimkasirikia. Njia nzima ya kurudi nilimwona mkaidi. Lakini meneja aliponiambia, huku anacheka kidogo, "Hawa wazee bwana, apokee ashukuru," hasira yangu iligeuka ikamwangukia yeye. Nilimwuliza ashukuru nini. Ashukuru kuitwa mwongo, au kulala na kuku? Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Nikavuta kiti, nikamwambia sitoki mpaka neno lile lifutwe, na lisipofutwa leo, kesho nitamleta mama mwenyewe na mabati yote. Alipiga simu kwa wakubwa wake Dodoma, akaongea kwa muda mrefu akiwa amenipa mgongo. Kisha akakata "hisani" kwa kalamu, akaandika "fidia" juu yake, akaweka sahihi na mhuri. Mkunga akasaini siku hiyo hiyo, juu ya meza ya jikoni.

Mafundi walimaliza kwa siku nne. Yule mtathmini hakuomba radhi, wala sikusikia kwamba aliulizwa. Mpaka leo anazunguka na simu yake kwenye mageti ya watu.

Muda wa kukata bima upya ulipofika, nilidhani atanifukuza. Alinikaribisha, akaleta mkataba wake, kurasa zake zote za Kiingereza, akauweka mbele yangu.

"Nisomee kwa Kiswahili," akasema. "Kila mstari."

Tulianza mchana. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri, wa pili kwa kusitasita. Wa tatu nilifika mahali nikakwama. Nikarudia kimya kimya, mara mbili, tatu.

"Endelea."

"Mama, hapa sielewi wanasema nini."

Akavua miwani. "Na uliniuzia?"

Nilikunja ule mkataba, nikaaga, nikaenda moja kwa moja ofisini kumwuliza meneja maana ya mstari ule. Naye alisoma mara mbili, kisha akasema niache karatasi pale, atauliza Dodoma.