Upepo wa Ulaya

Upepo wa baiskeli, waliniambia wapagazi wa stesheni, hujazwa Ulaya peke yake. Hukingwa wakati wa theluji, ukafungiwa ndani ya mpira, ukaletwa kwa meli na gari moshi hadi Morogoro. Ukishatoka, baiskeli imekufa, na aliyeutoa ni viboko, hamsa ishirini. Niliamini neno kwa neno. Nami nilikuwa nimehitimu shule ya jioni, nusu ya Uluguru nikiisomea barua!

Nilikuwa karani mdogo kwenye shamba la mpira la Mjerumani. Karani mkuu, mtu wa pwani, aliniazima baiskeli yake siku mbili niende ukweni mlimani, alikokuwa mke wangu. Niseme kweli: haikunibeba, niliibeba mimi. Lakini karibu na nyumba palikuwa na tambarare kiasi cha mkeka. Nikapanda, nikakata kona vichakani ili watu elfu moja wanione. Walikuwa saba, na mbuzi.

Jioni mke wangu akaifuta tope kwa kitambaa, kwa mapenzi tu. Asubuhi gurudumu la nyuma limelala bapa. Nikainama, nikaona mwiba umezama. Nikauchomoa, nikautia mfukoni mwa kanzu. Kisha nikapaza sauti, mama yake akisikia:

"Umeshikashika nini mali ya watu? Umemwaga upepo wa Ulaya!"

"Nimefuta tope tu, mume wangu."

"Tope gani hilo, linafutwa mpaka upepo unatoka?"

Mama mkwe akajifunika uso kwa kaniki, akaingia ndani.

Mke wangu hakubishana. Kwao walikuwa wagema mpira wa mwituni tangu zamani. Tulilibandua tairi kwa mipini ya miko, akatoa mpira wa ndani, akauvuta mpaka tundu likafunguka. Akapasugua kwa jiwe. Akajipaka mkononi utomvu wa mbungo, mtambaa wa mpira wa mwituni, akaunyunyizia ndimu, ukaganda. Akaubandua kama ngozi na kuubandika juu ya tundu, tabaka tatu, akikandamiza kwa kidole gumba.

"Haya, umeziba," nikasema. "Upepo utautoa wapi?"

"Nitakwenda kumwomba mwenyewe msamaha. Wanichape mimi, wewe usifukuzwe kazi."

Tukashuka naye. Njia ile ina kona laki moja, na kila kona ilinipa nafasi ya kusema. Mimi, mwenye mdomo wa kuchosha kijiji kizima, sikusema kitu.

Kwa karani mkuu alipiga magoti. "Shikamoo, bwana karani. Ni mimi niliyemwaga upepo wako."

"Marahaba. Umemwaga nini?"

Akaeleza yote, kitambaa, tope na utomvu. Karani akanitazama; nami nikawa natazama vidole vyangu vya miguu kana kwamba nimeviona leo. Akatungua pampu ukutani, akapiga, gurudumu likainuka, likakaa. Kisha akalizungusha polepole, akapapasa tairi kwa kidole mpaka kikasimama mahali.

"Inuka, mwanangu," akamwambia. "Hili limechomwa na mwiba. Kitambaa hakitoboi tairi. Na upepo wenyewe ni huu huu tunaovuta sisi sote hapa."