Magitaa ya Abasi na Mkono Wake wa Kushoto

Nyuzi za gitaa la besi zikichemshwa hutoa harufu ya siki na ya chuma kilicholoa, harufu inayokaa kwenye pazia na kwenye nywele hata siku mbili. Nyumba yetu ya Wanyange, karibu na Jinja, ilinuka hivyo kila mwezi katika mwaka ule shule zilipofungwa kwa ajili ya korona. Majirani walikaanga samaki na upepo wa ziwani ulituletea moshi wa mafuta yao, lakini ndani kwetu siki ilishinda. Kaka yangu Abasi alikuwa mpiga besi. Nyuzi mpya hazikupatikana karibu, kwa hiyo zile za zamani zilipoanza kutoa sauti nzito kama debe lenye mchanga, alizifungua zote nne, akazikunja duara, akazichemsha kwenye sufuria juu ya sigiri yetu ya makaa. Uchafu wa vidole ulitoka ukaelea juu. Zikikauka, zililia kama mpya kwa wiki tatu au nne. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na kazi yangu ilikuwa kuzitoa majini moja moja kwa kijiti na kuzianika kwenye kamba ya nguo.

Tuliishi wawili tu. Mama, aliyetoka upande wa Kenya na kutuachia Kiswahili chake, alikuwa amefariki. Baba alikuwa na nyumba nyingine Iganga. Abasi alichomelea mageti na madirisha, na Jumamosi alipiga besi kwenye harusi pamoja na wenzake wawili, Wilba wa ngoma na Paulo wa gitaa la kawaida. Mimi nilikuwa mtoto asiyesema. Mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, nilitazama meza mpaka amuulize mwingine. Dukani nilinyoosha kidole. Abasi hakuwahi kunilaumu kwa hilo. Alisema katika nyumba ya watu wawili mwenye kelele mmoja anatosha.

Gitaa lake la kwanza alilichonga mwenyewe kwa mbao za kitanda kibovu, akalifunga waya za breki za baiskeli. Lilikuwa zito, na shingo yake ilikatika siku waya zilipokazwa kupita kiasi. La pili lilikuwa gitaa la kweli, la rangi ya kahawia, lililokwaruzika tumboni. Bendi moja ya Budondo ilikuwa imevunjika, na waliokuwa nalo walimpa baada ya yeye kuwachomelea geti la kanisa lao. Majirani, Waislamu wenzetu, walimtania kwamba sasa ameanza kuwafungulia Wakristo mlango wa peponi. Yeye alijibu kwamba ametengeneza geti tu, kufuli ni juu yao wenyewe. Gitaa lile la kahawia ndilo alilolipenda kuliko yote. Akipiga uzi mnene, vikombe vyetu vilitetemeka kabatini.

Aliyemharibu, kama walivyosema watu wa harusi, alikuwa Bwana Mutua, dereva wa lori kutoka Kenya. Siku moja alisimama pale kwenye karakana ili achomelewe bampa, na alipoondoka akamwachia Abasi flashi iliyojaa nyimbo za roki. Hazikuwa zile za kurukaruka. Zilikuwa ndefu, wimbo mmoja ukikaa hewani muda wa kuivisha wali, na katikati ulibadilika mara tatu nne kama mtu anayepita vyumba vya nyumba kubwa. Besi humo haikumfuata mpiga ngoma kama mtumishi. Ilikwenda njia yake, ikapanda, ikashuka, ikarudi. Abasi alisikiliza akiwa amekaa kwenye ndoo. Baada ya hapo akaanza kuwafundisha wenzake kuhesabu saba badala ya nne, na harusini watu wakawa wanakanyagana. Shangazi wa bibi harusi mmoja alimwendea akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, wimbo huu unakwenda wapi? Tumeungoja tumechoka." Abasi alilirudia swali hilo nyumbani kwa miezi, akicheka mpaka akashika mbavu.

Korona ilipofunga harusi, karakana na barabara, kaka yangu alipata alichokuwa hajawahi kupata, yaani muda. Alikuwa anatunga wimbo wake mmoja mrefu. Mwenye ukumbi mmoja wa Mbale alikuwa amewaahidi kwamba mambo yakifunguliwa, watapewa jioni moja wapige nyimbo zao wenyewe, si za harusi. Asubuhi baada ya chai Abasi alikaa mlangoni na lile gitaa la kahawia, vidole vya mkono wa kushoto vikitembea shingoni kama buibui, mimi nikimhesabia saba kwa kugonga sahani. Nadhani sijawahi kuwa na furaha namna ile tena.

Asubuhi ya ajali nyuzi zilikuwa zinachemka. Abasi aliniambia ningoje kidogo. Mimi sikungoja. Niliingiza kijiti, nikavuta, na uzi mmoja ulikuwa umezunguka mkono wa sufuria. Sufuria ikainama upande wangu. Abasi aliruka akaidaka kwa chini, kwa kiganja cha kushoto, akaishikilia hivyo hivyo mpaka nilipoondoka njiani. Kama angeiachia mara moja, maji yangenimwagikia mimi miguuni. Alipoiweka chini, ngozi ya kiganja ilibaki kwenye sufuria.

Magari yalikuwa yamekatazwa. Jirani mmoja alimpakia kwenye baiskeli hadi kituo cha afya, mimi nikikimbia nyuma. Barabarani askari alitusimamisha, na jirani akasema, "Afande, tazama mkono," naye akatazama akatupisha. Musawo, mama mwuguzi wa zamu, alimsafisha, akamdunga sindano ya maumivu, Abasi akalala kitandani amefumba macho. Ndipo musawo akanigeukia mimi, kwa kuwa jirani alikuwa nje na baiskeli yake. Aliniambia polepole, "Vidole vikae vimenyooka, kila kimoja na kitambaa chake. Mkono ulioungua ukipona umekunjika, haufunguki tena. Umesikia?" Nikaitika kwa kichwa. Akaniambia nirudie alichosema. Nikatazama sakafu, naye akadhani sikuelewa lugha, akachoka nami. Alisema turudi baada ya wiki. Hatukurudi. Kituo kilikuwa mbali, barabara zilifungwa, na homa ya Abasi ilikuwa imeshuka.

Siku ya tatu Abasi aliamka ana uso mwingine, uso wa mtu aliyepata wazo. Aliniambia nimletee kipande cha shingo ya lile gitaa la kwanza, kilichokuwa juu ya kabati. Alisema mkono wa mpiga besi hauponi kama mkono wa karani. Ukipona umenyooka, utasahau kazi. Lazima upone umeshika. Tukiuviringisha kwenye mti wa gitaa tangu mwanzo, ngozi mpya itaota ikijua shingo iko wapi. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu sufuria. Nilikuwa nimeshika kitambaa. Maneno ya musawo yalikuwa pale kinywani, yote, kwa mpangilio wake. Lakini mimi ndiye niliyevuta uzi. Niliona kwamba mtu aliyemchoma kaka yake hana mdomo wa kumfundisha namna ya kupona. Isitoshe, vidole vikikunjwa maumivu yalipungua, nikajiambia kwamba dawa ni ile isiyoumiza. Nikakiweka kile kipande kiganjani mwake, nikavikunja vidole juu yake kimoja kimoja, nikafunga. Nilifunga vizuri. Kila asubuhi nilifungua, nikapaka asali, nikafunga tena vile vile, kwa muda wa miezi miwili.

Siku tulipoondoa kitambaa mara ya mwisho mkono ulikuwa umepona kabisa. Haukuwa na usaha wala harufu. Ngozi ilikuwa laini, ya waridi, inang'aa, na imevuta vidole vyote vinne kuelekea kiganjani. Tulichomoa kile kipande cha mti kwa shida, na mkono ukabaki na nafasi yake ndani. Abasi aliingiza shingo ya gitaa la kahawia kwenye nafasi ile, ikaingia sawasawa. Akapiga uzi kwa mkono wa kulia. Sauti moja ilitoka, nzuri. Akajaribu kuhamisha kidole kwenda kwenye sauti ya pili, na hakikwenda. Mkono ulijua kushika tu. Akaniambia nikaweke chai.

Hapo ndipo yalipoanza magitaa mengine, na wakati huo mimi niliyaona kuwa ni maendeleo. Bwana Mutua alipopita na lori lake, maana malori ya mizigo hayakukatazwa, Abasi alimpa lile la kahawia, naye akamletea kutoka Kenya jeusi lenye shingo fupi na nyembamba, wakidhani vidole vilivyokunjika vitafika. Bwana Mutua alilipigapiga tumbo akasema, "Hili ni la mtoto wa shule, lakini wewe nawe ulikataa kukua," na wote wawili wakacheka, na Bwana Mutua akaacha kucheka mapema. Vidole havikufika. Barabara zilipofunguliwa tulikwenda Mbale, Nabuyonga, kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa na gitaa jekundu la besi. Alilifunga nyuzi kinyume, ili mkono wa kulia ukanyage nyuzi shingoni na wa kushoto upige. Abasi alifunga kipande cha plastiki cha kupigia kwenye kidole gumba cha kushoto kwa uzi wa kushonea. Alianza upya kama mtoto, kwa mkono usiojua chochote, na baada ya miezi aliweza kupiga nyimbo za harusi, zile za kuhesabu nne. Wimbo wake mrefu alikuwa nao wote kichwani, akaukosa mikononi. Wilba na Paulo walimngoja kadiri walivyoweza. Jioni ya ukumbi ilipofika walikwenda na mpiga besi mwingine. Abasi aliwabebea spika hadi ndani, akatoka. Gitaa jekundu alilirudisha kwa fundi wiki hiyo hiyo, na hakutafuta la tano.

Sasa nina miaka kumi na minane. Nilirudi shule nikamaliza darasa la saba, nikaishia hapo, na leo naishi Nabuyonga nikifuma masweta ya wanafunzi kwa mashine. Abasi bado yuko Wanyange, bado anachomelea. Mkono wa kushoto unashika chuma vizuri kuliko wa mtu mwingine yeyote pale karakana. Nyumbani kwake hamna gitaa, na nyimbo za simu anaziweka chini sana. Sikuwahi kumwambia aliyoyasema musawo. Miaka yote nilidhani siku nitakayosema nitapumua.

Idi iliyopita nilisema. Tulikuwa tumemaliza kula, tumekaa kwenye mkeka nje. Nilimwambia kwamba siku ile ya kwanza musawo alisema vidole vinyooshwe, na kwamba aliniambia mimi.

Abasi hakunigeukia. "Najua," alisema. "Nilikuwa nimefumba macho tu. Nilisikia yote."

Nikamuuliza kwa nini basi aliomba ule mti.

"Nilidhani yule mama hajui besi," akasema. "Kosa ni langu, Zaituni. Usilibebe."

Kisha akaanza kunisimulia habari za geti la mtu fulani. Nami nikakaa pale nikikumbuka kitanda cha kituo cha afya, sindano, na kaka yangu akikoroma mdomo wazi wakati mwuguzi ananiuliza kama nimesikia. Zamani nilinyamaza kwa woga. Siku ile ya Idi nilinyamaza ili aendelee kuamini kwamba nimemwamini.