Lori Lililovuka Daraja

Mtaani walimwita Mzee Daraja, na aliitika, maana jina likishakuganda utafanyaje? Alikuwa akishona viti vya magari kwenye gereji iliyo nyuma ya kituo cha mafuta. Mgeni akiingia tu, mafundi humnong'oneza: huyo unayemwona ana sindano mdomoni ndiye aliyevusha lori la majeruhi darajani wakati wa vita, risasi zikimiminika. Mgeni humtolea macho. Mzee huinamia ngozi ya kiti, akavuta uzi. Basi wakasema hana makuu. Watu bwana!

Ukweli tuuseme mapema, tusizungushane. Siku ile dereva alikuwa yeye, kwa maana jina lake ndilo lililokuwa kwenye kitabu cha gari. Jeshini ukishatia saini kitabu kile, gari ni lako mpaka ulirudishe, hata kama usukani kaushika shetani. Lakini risasi zilipopasua kioo, aliuachia usukani. Akashuka sakafuni, akajikunyata, akafumba macho, akawa anamwita mama yake. Aliyeurukia usukani ni utingo wake, kijana mmoja mcheshi asiyeishiwa maneno, na ndiye aliyevuka na majeruhi kumi na mmoja, wote hai, nyuma ya turubai wasione kitu. Ng'ambo ya pili risasi ilimpata shingoni, akaporomoka sakafuni. Dereva akapanda kitini kuvuta breki, na waliokuja mbio wakawakuta hivyo: mmoja kitini, mmoja sakafuni.

Afisa alifungua kitabu, akasoma jina, akaandika ripoti. Dereva kavusha gari, utingo kauawa akiwa amejificha. Hakumuuliza mtu, na dereva hakukanusha. Alijiambia atasema kesho. Kesho ikazaa kesho, medali ikaja. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa na miaka thelathini na nane.

Na kama hiyo haitoshi, akamwoa dada wa marehemu. Alikuwa amekwenda kuhani, maneno ameshayapanga, akakuta ripoti imemtangulia. Mama wa marehemu akamshika mikono, akamshukuru kwa kumrudishia maiti ya mwanawe, hata kama mwana huyo alikuwa mwoga. Akaaga, maneno yake akaondoka nayo. Akarudi mara ya pili aseme, akarudi ya tatu, na kila mara aliyemfungulia mlango ni yule dada. Mwisho alikwenda kuungama akaishia kuposa. Tangu hapo nyumba yake mwenyewe ilimbana. Mkewe akimsifu mbele ya wageni, alitamani ardhi ipasuke.

Juzi kapteni mmoja kijana akamfuata gerejini. Kambi imejenga chuo cha madereva, wamekipa jina la mzee wetu, uzinduzi ni kesho. Akamkunjulia karatasi yenye maneno yaliyochongwa kwenye jiwe la mlangoni. Mzee akasoma polepole: alivuka peke yake, "msaidizi wake akiwa amejificha." Akayarudia maneno ya mwisho. Ripoti iko kabatini, lakini jiwe litasomwa na kila kijana atakayejifunza kushika usukani pale. Akauliza kama hayo ya mwisho yanaweza kuondolewa. Kapteni akacheka kwa heshima, akasema ndivyo ilivyoandikwa.

Mchana ule alirudi nyumbani mapema. Mkewe alikuwa anampigia pasi shati la sherehe. Liwalo na liwe, akajisemea, akamwambia yote akiwa amesimama: sakafu, macho yaliyofumbwa, kitabu cha gari. Mkewe akaichomoa pasi, akakaa.

"Mama alikufa hataki kaka yangu atajwe," alisema. "Na mimi nimemwonea aibu. Kaka yangu mwenyewe."

Mzee akaanza kuomba radhi. Mkewe akamkatiza, akasema radhi ataziomba baadaye, kama kutakuwa na baadaye.

"Kesho utayasema haya mbele yao."

Akayasema. Pale uwanjani, chuoni, alishika maikrofoni. Alisema yeye alijificha, aliyeendesha ni utingo, na jiwe hilo linamsingizia marehemu. Akadhani yamekwisha, na kifua kikamlegea kwa furaha iliyokaribia kumliza.

Kapteni akaipokea maikrofoni, macho yamemlowa. Mmesikia wenyewe, akawaambia vijana, hivi ndivyo shujaa wa kweli alivyo: hata sifa yake anataka kumpa mwenzake. Akainua juu kitabu kile cha gari, kilichotunzwa kambini miaka yote, akawaonyesha saini. Wakasimama wote, wakapiga makofi mpaka vumbi likatimka. Mzee akatikisa kichwa, akasema siyo, siyo hivyo, na kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kumshangilia.

Mkewe, mstari wa mbele, hakupiga makofi. Alingoja yatulie, akasimama.

"Sema tena," alimwambia.

Akasema tena. Wakapiga makofi tena, safari hii wengine wakijifuta machozi. Mkewe hakukaa.

"Tena."