Stanislausi Ndani ya Daraja la Bati

Sara ananisumbua niandike, kama vile kalamu ni mwiko wa ugali. Mimi shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Lakini maneno yanayotembea hapa Bweri yamenichosha, basi naandika. Herufi nikizikosea, ni zangu.

Ninayemwandika ni Stanislausi, mume wa binti yangu Sara. Mtu wa Bukima, mvuvi. Mitumbwi ikirudi asubuhi anatupa kamba begani, analigeuzia ziwa mgongo, anavuta mtumbwi. Alipokuja kuposa nilisema, mtoto wangu nimpe mtu anayenuka visamaki vya furu? Nikampa hivyo hivyo.

Tangu hapo hatujaonana uso kwa uso. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani, hawagusani, hawasemeshani. Akija kwangu anasimama nyuma ya banda la mbuzi anakohoa, mimi naingia ndani. Samaki anawaweka juu ya jiwe. Hajawahi kuja nikakuta jiwe tupu.

Masika haya Sara, ambaye ni mwalimu, alitaka kupiga picha madaraja ya zamani, kutoka Butiama kushuka Bunda, kabla hayajabomolewa. Akanichukua nimwonyeshe tulipokuwa tunapitaga. Stanislausi alitangulia na pikipiki kuangalia njia, sisi nyuma na bajaji. Daraja la mawe tulilikuta, yeye ameshaondoka. Vizuri.

Lililofuata ndilo la bati. Chini mbao, ubavuni mbao, juu bati, kama nyumba ndefu iliyo wazi huku na huku. Ubavuni waliziba ili ng'ombe wasione maji wakagoma. Ndani ni giza. Kwa hiyo kila mtu wa kwetu anajua: kabla hujaingia, kohoa. Kama mkwe wako yumo atajibu, nawe utasubiri atoke.

Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na mto umejaa.

"Mama, ngoja maji yapungue," Sara akasema.

"Nilivuka hapa nikiwa na mimba yako. Nisubiri nini?"

Nikakohoa, nikaingia. Sikusikia jibu. Mto ulikuwa unanguruma kuliko kifua changu.

Kumbe Stanislausi, ng'ambo ya pili, ameona maji yanagusa mbao, akaingia mbio aje kutuzuia. Naye alikohoa. Nani angemsikia?

Tukakutana katikati. Nikafunika uso kwa ncha ya kitenge nilichojifunga, nikaruka pembeni kumpisha, ubao ukavunjika. Mguu ukazama mpaka kwenye nyonga, na maji yakavua kiatu changu. Nilipochungulia, Stanislausi alikuwa ameshanipa mgongo.

"Daraja," akasema, "mwambie mama asijitikise."

Hatusemeshani. Daraja likawa mjumbe wetu.

"Daraja, mwambie huyo mtu amwite Sara!"

"Daraja, mwambie mama mbao hizi hazibebi mtu wa tatu."

"Basi aende zake! Nitatoka mwenyewe!"

"Daraja, mama mbishi."

"Mwambie nimesikia!"

Sara analia kule mwanzoni mwa daraja. "Mama, ashike mkono wako! Mungu atasamehe!"

"Mungu hana mama mkwe!"

Ubao niliokuwa nimeushika ukaanza kulia. Maji yakapanda mpaka tumboni.

Stanislausi akavua koti, akarusha mkono mmoja wa koti nyuma bila kugeuka. Haukunifikia. Akarudi kinyumenyume, anapapasa mbao kwa kisigino kama kipofu. Shimo liko nyuma yake, na halioni. Mtu yeyote angegeuza shingo, hata kidogo tu. Mbao chini yake zikalia.

"Daraja, mwambie asimame! Ana watoto!"

Hakusimama. Mkono wa koti ukanigusa kichwani, nikaukamata kwa mikono yote miwili. Akaliweka koti begani, akavuta kama anavyovuta mtumbwi, na mimi nikatoka kifudifudi. Kitenge kilibaki na mto. Yeye akaenda mbele moja kwa moja, akatoka ng'ambo, hajageuka. Mimi nikatambaa nikarudi kwa Sara, na nguo ya ndani imechanika.

Pale nje watu walikuwa wameshajaa. Walichoona ni bibi bila kitenge akitoka gizani alimokuwa na mkwe wake. Sasa wanasema Stanislausi amemwona mama mkwe uchi, atoe mbuzi wa kuondoa aibu. Naye, mtu wa maneno machache, ameshamfunga mbuzi uani kwake, ili watu wanyamaze.

Akimtoa, amekubali kwamba aliniona. Na hakuniona! Aliyekuwepo ni mimi.

Lakini siwezi kumwendea, siwezi kumsemesha, na daraja liko mbali. Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, usikae unacheka. Nenda Bukima, pale wanapoanika dagaa, uulize Stanislausi ni yupi. Mwambie mama anasema hukugeuka, mbuzi mfungue. Sema kwa sauti, na wenzake wasikie. Halafu uje Bweri uniambie kama amemfungua.