Bomba Chini ya Baraza la Dada

Mtaani walimwita Mama Cherehani, na jina lilimfaa, kwa kuwa tangu afiwe na mumewe cherehani ndiyo iliyomlisha. Nyumba yake ilikuwa nyuma, ya dada yake mkubwa mbele, kiwanja kimoja cha urithi. Bomba la maji machafu lilitoka chooni kwake, likapita chini ya baraza la dada hadi mtaro wa barabarani. Lilikuwa la udongo wa kuchoma. Baba yao alilitandaza wao wakiwa wasichana wadogo.

Tangu dada aongeze vyumba vya wapangaji, bomba likawa haliishi kuziba. Likiziba, uchafu unafurika pale barazani, na dada hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

"Mdogo wangu, matambara yako hayo! Choo si kapu la mshonaji."

Mama Cherehani atachukua ndoo na brashi, apige magoti, asugue baraza la mkubwa wake huku wapangaji wakipita wameshika pua, kisha aombe radhi. Akirudi ndani anaokota nyuzi moja moja, hata zilizonasa kwenye pindo la gauni lake. Wateja akawakataza choo. Siku moja alimwelekeza mama mjamzito akajisitiri kwa jirani, na aibu ile hakuisahau. Katika sala zake alimwomba Mungu amsamehe uzembe ambao yeye mwenyewe hakuwahi kujiona akiufanya.

Safari hii maji yalirudi hadi bafuni. Fundi bomba alichungulia, akaguna.

"Mama, hili limezeeka. Kulizibua tena ni kumpaka kikongwe wanja. Ama tuvunje baraza tulibadilishe, ama tutandaze jipya huku kando ya ukuta wa kiwanja, kwenye maua yako."

Maua yenyewe ni mawaridi aliyoyapanda marehemu mumewe. Moyo ukakataa. Akaenda kwa dada kumwomba wavunje baraza.

"Baraza langu? Kwa matambara yako?" Dada hata hakuinuka kitini. "Zibua kama siku zote, mama, uniache nipumue."

Usiku kucha akaliwaza. Asubuhi akamwambia fundi achimbe ukingoni tu mwa baraza, upande wake, waone hali ya bomba ndipo aamue. Sururu ikafukua, bomba likaonekana, limepasuka mgongo mzima. Lakini ubavuni mwake palikuwa na bomba jingine limeunganishwa, la plastiki, limetokea vyumba vya wapangaji.

"Na hili la nani, Mama?"

Kabla hajajibu, mpangaji mmoja akavuta maji chooni. Lile la plastiki likakohoa, nyufa zikatapika. Fundi akaruka kando.

"Haya, mwenyewe kaitika!"

Alipolikata kwenye maungio, akavuta nepi, akavuta mabonge ya pamba, akavuta nepi tena. Kitambaa hakikutoka hata kimoja. Wala uzi.

"Kikulacho, Mama..." Hakuimalizia. Methali ile nani asiyeijua?

Dada alikuja kuona nini kinagongwa. Akatazama shimo, kisha akatazama ukuta.

"Sasa ndiyo nini? Tumenyonya titi moja, tusitumie bomba moja?"

"Ungesema, Dada."

"Ungekataa."

"Lini nimekukatalia kitu?" Sauti yake haikupanda. "Sililii bomba. Ulikaa kwenye kiti chako ukanitazama nikisugua uchafu wa wapangaji wako. Nikakuomba radhi, nawe ukasema umenisamehe. Umenisamehe nini, Dada?"

Dada alilamba midomo. Huko vyumbani mtu akavuta maji tena, shimo likaguguma.

"Basi livunjwe baraza," akasema, safari hii kwa upole. "Tuweke jipya, tutumie wote. Sisi ni ndugu."

Jana neno hilo lingemtoa machozi ya furaha. Mama Cherehani aliinama, akafuta matope miguuni, akayatazama mawaridi.

"Fundi, langu lipitishe huku ukutani. Hili mwachie dada yangu."

Akaenda kuleta ile ndoo ya kusugulia baraza. Akapiga magoti bustanini, akalizungushia waridi la kwanza vidole, akaling'oa taratibu na udongo wake, akalitia ndani ya ndoo.